Mtoto anayeandika kwa mashoto hana tatizo, mwacheni

Hii imani ya kwamba mtoto wa mashoto ni mkaidi au ana kasoro na lazima anyooshwe tumeirithi toka zamani, wengine tulikua tunaona mtoto anachapwa rula kwenye vidole kisa kashika penseli kwa kushoto. Ukweli ni kwamba kama mtu 1 kati ya 10 duniani ni mashoto na inatokana na ubongo, kwenye utrasaundi hata mtoto aliye tumboni huonekana ananyonya kidole cha mkono mmoja zaidi ya mwingine, sasa ukaidi unatoka wapi hapo? Obama mwenyewe alikua anasaini sheria za Marekani kwa kushoto.

Najua mtu atasema na adabu je, kula na kusalimia. Hayo mfundishe kwa upole atumie kulia, anaweza kabisa, ila kuandika ni kitu kingine jamani. Ukimlazimisha anakua mzito, mwandiko unaharibika, anaanza kuogopa daftari na mwisho anajiona mjinga wakati akili anazo.

Mwalimu, mkalishe upande wa kushoto wa dawati ili viwiko visigongane na mwenzake, daftari liinamie kulia kidogo, penseli aishike juu kidogo aone anachoandika. Mzazi nawe akikuletea daftari soma alichoandika kwanza, mkono aliotumia achana nao.