Msimbo wazi haufungui ujumbe wa mtu

Katika kazi yangu ya kufunga mifumo ya mawasiliano kwa ofisi na vyama vya msingi vya ushirika hapa Mtwara, dhana moja nimeisikia kupita kiasi: kwamba programu huria ya ujumbe, yaani ile ambayo msimbo wake (maagizo yanayoiendesha) uko wazi kwa yeyote, haina siri, kwa kuwa anayeweza kuusoma msimbo huo ataweza pia kusoma ujumbe wa watu. Wanaoirudia mara nyingi ndio hao hao wanaotuma namba za akaunti za benki za wakulima wa korosho katika makundi yenye watu wasiojuana.

Msimbo ni maelezo ya namna kazi inavyofanyika. Kinachofunga ujumbe ni ufunguo, ambao huzalishwa ndani ya simu ya mtumiaji. Kila muuza kufuli sokoni anajua kufuli lilivyoundwa, lakini ujuzi huo haumpi ufunguo wa duka la mtu. Auguste Kerckhoffs, mtaalamu wa maandishi ya siri, aliandika mwaka 1883 kwamba mfumo wa siri unapaswa kubaki salama hata ukiangukia mikononi mwa adui, ilimradi ufunguo haujamfikia. Isitoshe, itifaki ya Signal, yaani kanuni za kufunga na kufungua ujumbe, ambayo WhatsApp huitumia kufunga ujumbe wa watumiaji wake wote tangu 2016, nayo imechapishwa wazi, kwa hiyo anayeikataa programu huria kwa hoja hii huku akitumia WhatsApp anautegemea uwazi huo huo kila siku bila kujua. Msimbo uliofichwa ndio unaomlazimu mtumiaji kuamini neno la muuzaji peke yake.

Wapo wanaodhani kwamba ofisi yenye seva yake, yaani kompyuta inayopokea na kupeleka ujumbe, itazungumza na wafanyakazi wake tu. Mifumo huria ya ujumbe kama XMPP, iliyoanza mwaka 1999 kwa jina la Jabber, na Matrix, iliyoanza 2014, huruhusu mtumiaji wa seva iliyoko Masasi kumwandikia wa seva iliyoko Lindi au Berlin, isipokuwa msimamizi ameamua kuifunga seva yake.

Wengine huamini kwamba huduma hizi hazihitaji intaneti. Zinaihitaji, ingawa seva iliyowekwa ofisini na kupangwa vizuri inaweza kuendelea kuwahudumia waliomo kwenye Wi-Fi ya ofisi hata pale nyaya za baharini zinapokatika, kama ilivyotokea Mei 2024. Wala si kweli kwamba kila kitu kimefichika: msimamizi wa seva huona nani amemwandikia nani na saa ngapi, hivyo achaguliwe kwa makini kama anavyochaguliwa mtunza hazina.

Dhana ya mwisho ni kwamba simu ikipotea, kurudisha laini kwa wakala kutarudisha na ujumbe. Katika Matrix, aliyepoteza vifaa vyake vyote na hana ufunguo wa kurejesha (mfuatano wa siri wa herufi na namba) hawezi tena kuufungua ujumbe wake wa zamani uliofungwa kwa ufunguo, na mimi fundi siwezi kumsaidia. Ufunguo huo wa kurejesha uandikwe kwa kalamu, katika karatasi, na uwekwe pamoja na hati ya shamba. Kuupiga picha kwa simu ile ile ni kazi bure.