Ghuba iliyoingizwa ndani ya nyumba: dhana potofu kuhusu Monterey Bay Aquarium

Akwariamu hii ipo mjini Monterey, California, Marekani, ukingoni kabisa mwa Bahari ya Pasifiki. Wengi huisikia kwa umaarufu wake tu, wakadhani ni masanduku makubwa ya kioo yenye samaki wa rangi. Nimeona tuyachambue yale yanayorudiwa sana, maana kila moja linaficha jambo zuri kuliko lenyewe.

"Ilijengwa kwa ajili ya watalii"

Pale iliposimama palikuwa na kiwanda cha samaki wa kopo cha Knut Hovden, mhamiaji kutoka Norway. Mtaa wenyewe unaitwa Cannery Row, yaani safu ya viwanda vya samaki wa kopo. Katika miaka ya 1930 na 1940 sadini zilishushwa hapo kwa wingi wa kutisha, na nyingi hazikufika hata kwenye kopo: zilisagwa zikawa mbolea na chakula cha mifugo. Kisha zikaadimika. Uvuvi uliopita kiasi ulikutana na mabadiliko ya joto la bahari, na viwanda vikafa kimoja baada ya kingine. Cha Hovden kilifungwa mwaka 1973.

Wazo la akwariamu lilitoka kwa wanabiolojia wa Hopkins, kituo cha utafiti wa bahari cha Chuo Kikuu cha Stanford, majirani wa kiwanda hicho, waliotaka watu wa nchi kavu waione ghuba yao kama mpiga mbizi anavyoiona. Mmoja wao, Nancy Burnett, alikuwa binti wa David Packard, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya kompyuta ya Hewlett-Packard. Packard na mkewe Lucile walitoa dola milioni 55, na milango ikafunguliwa tarehe 20 Oktoba 1984. Binti yao mwingine, Julie, msomi wa mwani, aliiongoza tangu mwanzo kwa miaka 40. Mpaka leo ni taasisi isiyogawa faida kwa mtu yeyote, na maboila ya kiwanda bado yapo ndani ya jengo, mgeni anayapita.

"Maji ni ya bomba, yametiwa chumvi"

Hapa ndipo penye uhai wa mahali hapa, nami sichoki kupaeleza. Maji hupampiwa kutoka kwenye ghuba yenyewe, hadi galoni 2,000 hivi kwa dakika. Mchana huchujwa, ili mgeni aone vizuri. Usiku, wageni wakishaondoka, maji huachwa yaingie bila kuchujwa, pamoja na planktoni (viumbe vidogo vinavyoelea majini), vijidudu, na mabuu ya wanyama wasioonekana kwa macho. Wanyama wanaokula kwa kuchuja maji hupata chakula chao, na mabuu hujishikiza kwenye miamba na kukua. Kwa hiyo ndani ya matangi kuna viumbe ambao hakuna mfanyakazi aliyewaweka. Wamekuja wenyewe na maji ya usiku.

Bila maji hayo usingekuwepo msitu wa mwani, tangi lenye kina cha mita 8.5 ambalo juu yake hakuna paa, jua linashuka moja kwa moja. Hii ndiyo akwariamu ya kwanza duniani kufanikiwa kuukuza mwani mkubwa ukiwa hai. Watu wa pwani yetu tunaujua mwani wa kamba za Paje na Jambiani. Huu ni mwingine. Hupenda maji baridi, ndiyo maana hauoti kwetu, na baharini hali ikiwa nzuri unaweza kurefuka karibu nusu mita kwa siku. Hauna mizizi ya kufyonza chakula, hula kupitia majani yake, hivyo maji yakitulia unadhoofika. Ikabidi itengenezwe mashine ya kuyasukasuka maji mithili ya mawimbi, na Packard, mhandisi kwa taaluma, alishiriki mwenyewe kuibuni mitambo ya aina hiyo. Wapiga mbizi huingia kuupunguza kwa makasi, la sivyo utafunika tangi zima.

Na kile kinachoitwa kioo si kioo. Ni akriliki, plastiki ngumu inayoonesha ng'ambo, unene wake sentimita 18 hivi.

"Papa mweupe hawezi kufugwa" na "pale wamemfuga"

Kauli zote mbili hazijakaa sawa. Kabla ya 2004 hakuna akwariamu iliyowahi kuishi na papa mweupe zaidi ya siku 16. Walikataa kula, wakafa au wakaachiwa. Mwaka huo Monterey ilimweka papa jike mdogo kwa siku 198, kisha ikamrudisha baharini. Alikuwa amekula vizuri na kukua, ila pia aliwaua papa wenzake wawili. Walifuata wengine watano, wa mwisho mwaka 2011, na huyo alikufa muda mfupi baada ya kuachiwa. Tangu hapo hakuna mwingine. Naona walifanya vyema kuishia hapo.

"Fisi-maji wapo kuchezea watu"

Fisi-maji wa bahari wa California waliwindwa kwa ajili ya manyoya yao hadi ikadhaniwa wamekwisha, mpaka mwaka 1938 lilipoonekana kundi la hamsini hivi katika pwani ya Big Sur. Wale unaowaona kwenye tangi ni waliookolewa ambao hawawezi tena kuishi porini. Tangu 2001 majike kati yao hupewa watoto yatima kuwalea: huwafundisha kuzamia, kuvunja kaa na kome, kujisafisha manyoya. Mfanyakazi anayelazimika kumkaribia mtoto huvaa joho jeusi na kinyago cha kuficha uso, ili mtoto asizoee sura ya binadamu.

Watoto hao wakikua huachiwa, wengi katika hori la Elkhorn Slough, kaskazini kidogo mwa mji. Watafiti walipofuatilia walioachiwa kati ya 2002 na 2016, walikuta zaidi ya nusu ya ongezeko la fisi-maji wa hori lile limetokana na yatima hao na vizazi vyao. Huko wanakula kaa, kaa wanapungua, na majani ya baharini yaliyokuwa yamekonda yamerudi kuota kwenye tope.