Ukarabati wa nyumba Kigoma: fedha huishia kwenye kazi isiyopimwa

Mwenye nyumba wa Kigoma akianza kupiga hesabu ya ukarabati, jicho lake huenda kwanza kwenye bei ya saruji na bati. Si ajabu. Reli ya kati ilifika hapa mwaka 1914 na hapa ndipo inapoishia, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam. Saruji, nondo, bati, marumaru na rangi hutoka mbali, na nauli imo ndani ya kila mfuko na kila ndoo.

Bei hiyo huna namna kubwa ya kuigeuza. Zunguka maduka yote ya Mwanga na Gungu, utaokoa kidogo. Sisi wakadiriaji majenzi, watu wa kupima kazi ya ujenzi na kukadiria gharama yake, tukiitwa kwenye nyumba ambayo kazi imesimama katikati, mara chache tunakuta tatizo limeanzia dukani. Limeanzia siku ya mapatano: bei ilitajwa kabla ya mtu yeyote kushika futi kamba. Fundi akasema "tutaona mbele kwa mbele", mwenye nyumba akaitikia, na huko mbele ndiko fedha zilikokwisha.

Ukarabati ni mgumu kukadiria kuliko nyumba mpya, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi imefichwa. Nyumba nyingi za zamani za Ujiji na Rusimbi zimejengwa kwa matofali ya kuchoma, nyingine kwa udongo badala ya saruji katikati ya tofali na tofali. Juu ya dari kuna kenchi, zile mbao zinazobeba paa, ambazo mchwa wamekwisha kuzipitia. Fundi mzoefu analijua hilo, ndiyo maana hukupa bei ya moja kati ya namna mbili: kubwa mno, ili ajikinge, au ndogo ya kukuvutia, kisha kila baada ya siku mbili anakurudia na habari mpya. Dawa ni kufungua kabla ya kupatana. Mlipe fundi siku yake ya kukagua tu. Atoe ubao mmoja wa dari, abandue plasta sehemu tatu nne, achimbe pembeni mwa msingi upande ule maji ya mvua yanakotuama. Ujira wa siku hiyo ni mdogo sana ukilinganisha na kugundua kenchi mbovu bati zikiwa zimeshashushwa.

Baada ya hapo, pima. Tuchukue chumba cha mita 4 kwa 4 chenye kimo cha mita 2.8. Kuta zake nne zina karibu mita za mraba 45. Toa mlango na dirisha, zinabaki kama 41 za kupiga plasta. Kwa mchanganyiko wa saruji moja na mchanga tano, na unene wa milimita 15, mfuko wa kilo 50 huenea mita za mraba kumi hivi. Basi chumba hicho kinataka mifuko minne. Fundi akikuagiza mifuko saba utashtuka, lakini usiwahi kumwita mwizi. Ukuta wa zamani hupinda, na unene ukifika milimita 25 ili kuunyoosha, chumba kilekile kitakula zaidi ya mifuko sita. Weka rula ndefu ukutani mwangalie pamoja uwazi uliopo. Ugomvi mwingi wa saiti huisha hapo, maana kila mmoja anaona kwa macho yake.

Ukishakuwa na vipimo, patana bei kwa kipimo: ufundi wa plasta kwa mita ya mraba, marumaru kwa mita ya mraba, kupaua kwa eneo la paa, mlango kwa idadi. Bei ya jumla, ile ya "nyumba nzima nipe milioni kadhaa", haikuambii ulipie nini kazi ikipungua au ikiongezeka. Wapo pia mafundi wanaodai ufundi kwa asilimia ya gharama ya vifaa. Mapatano hayo yakatae kwa heshima. Mtu anayelipwa zaidi kila vifaa vinapopanda hana sababu ya kukuhurumia dukani.

Nani anunue vifaa? Kwa kazi ya kawaida ya nyumba napendelea mwenye nyumba anunue mwenyewe na fundi abaki na ufundi, ila kwa sharti kwamba mwenye nyumba au mtu wake yupo. Wengi wenye nyumba hapa wanaishi Dar es Salaam au Mwanza, msimamizi ni mjomba au shemeji ambaye ana shughuli zake Kibirizi. Katika hali hiyo hesabu hupotelea kati ya watu watatu na hakuna wa kulaumiwa. Kama huna mtu wa kukaa saiti, ni afadhali fundi au mkandarasi abebe vifaa na ufundi pamoja kwa bei zilizoandikwa, nawe ulipe kazi iliyokamilika tu. Picha za simu husaidia endapo futi kamba imo ndani ya picha. Picha ya ukuta mtupu haisemi lolote.

Dukani kuna mambo matatu ya kuangalia kwa karibu. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 inapaswa kuwa na uzito wa kilo 10.7 hivi. Ikiwa kweli yake ni milimita 11, inashuka hadi kama kilo 9, na wewe umelipia ile ya 12. Omba ipimwe kwenye mizani. Bati nalo, kadiri namba ya geji inavyopanda ndivyo linavyokuwa jembamba: geji 30 ni jembamba kuliko geji 28, na muuzaji asiyeulizwa hatakukumbusha. Tatu ni mchanga, unaouzwa kwa tripu, nayo tripu haina ukubwa maalumu. Pima bodi la gari. Urefu wa mita 4, upana wa mita 2 na mchanga uliofika kimo cha sentimita 60 ni mita za ujazo 4.8. Sawazisha kwanza, maana kilima cha katikati hudanganya macho. Na kama nyumba iko mlimani ambako gari halifiki, bei ya kubeba kwa mikokoteni au kwa vichwa iandikwe tangu mwanzo, kwa kuwa hiyo ndiyo huibuka siku ambayo mchanga umeshamwagwa barabarani na huna la kujibu.

Kununua kwa mkupuo ili kupunguza nauli ni wazo zuri kwa bati, nondo na marumaru. Kwa saruji hapana. Ikikaa ghalani kwenye unyevu hushika mabonge na kupoteza nguvu. Nunua inayotosha wiki chache, iinue juu ya mbao, isiguse sakafu wala ukuta.

Sasa kazi za nyongeza, ambako bajeti nyingi huzama. Nyingine ni za lazima, kama kenchi iliyoonekana imeoza. Nyingine, tuseme ukweli, zinatoka kwa mwenye nyumba mwenyewe: ameona marumaru kwa jirani, au shemeji amemshauri choo kihamie upande wa pili. Kuhamisha choo ni kuhamisha mabomba, mashimo, mteremko wa maji machafu na pengine ukuta. Weka kanuni moja na uiandike kwenye mkataba: hakuna nyongeza inayoanza kabla ya kuandikwa ni kazi gani, kipimo chake, bei yake na siku itakazoongeza, pande zote mbili zikatia sahihi. Daftari la shule linatosha. Bei ifuate zile mlizopatana mwanzo. Fundi asipate nafasi ya kupanga bei mpya wakati nyumba yako iko wazi. Tenga akiba ya asilimia 10 hadi 15 kwa yasiyoonekana, na kwa nyumba ya udongo fikia 20. Akiba hiyo fundi hana haja ya kuijua.

Fedha zisipotosha, punguza kazi. Usipunguze saruji kwenye mchanganyiko wala geji ya bati. Paa, lenta (ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha) na njia za maji vitangulie. Dari ya jipsamu na rangi vinaweza kungoja mwaka mwingine.

Kubomoa ukuta unaobeba paa au kuongeza chumba kunahitaji kibali cha manispaa, na umeme ufanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji. Kazi ikiwa kubwa kiasi cha kumpa kampuni, dai cheti cha Bodi ya Usajili wa Makandarasi: makandarasi wa majengo wamepangwa madaraja saba, na kila daraja, isipokuwa la kwanza, lina kikomo cha thamani ya kazi.

Malipo yafuate kazi, yasifuate tarehe. Malipo ya awali yanayozidi asilimia 20 ya ufundi mimi huyaogopa, maana fundi aliyekwisha kula fedha ya mbele huwa tayari ana saiti nyingine Kasulu. Lipa paa likikamilika, plasta ikipimwa, sakafu ikikauka. Kila awamu ibakishe asilimia 10 mkononi mwako, naye fundi ajue mapema kwamba ni yake na itatoka lini.

Hiyo "lini" ndiyo watu hukosea hapa kwetu. Kazi nyingi hufanyika kiangazi, Juni hadi Septemba, na bati lililopigwa Julai halijajaribiwa na chochote. Mvua za Kigoma huanza Oktoba. Andika kwamba asilimia 10 italipwa mwisho wa Desemba, baada ya wewe na fundi kukagua pamoja dari, pembe za madirisha na maungio ya paa, na kwamba penye kuvuja atarekebisha kwa ufundi wake bila malipo mapya. Fundi anayejiamini hukubali, pengine akiomba sehemu ya fedha hiyo itoke mapema. Mkubalie nusu, nusu ingoje mvua.