Jubilei ya Parokia Inakaribia: Ulizeni Kabla ya Kupaka Rangi Sanamu

Parokia inapotimiza miaka 50, 75 au 100, kamati ya jubilei huundwa, na jambo la kwanza ambalo wajumbe huafikiana bila ubishi ni kulipendezesha kanisa. Ukuta unapakwa rangi mpya, benchi zinapigwa vanishi, zulia jekundu linanunuliwa. Halafu mtu mmoja anasema sanamu ya Bikira Maria nayo imechakaa, apewe fundi. Fundi huyo, ambaye siku zote kazi yake ni kupaka rangi nyumba na kuandika mabango ya maduka, anaisugua sanamu kwa msasa, anaipiga rangi ya mafuta inayong'aa, anachora nyusi na midomo upya. Siku ya sherehe waamini wanaingia kanisani na kumkuta Mama Maria ambaye hawajawahi kumwona.

Nawaandikia maparoko, makatekista, wasakristia (watunza vyombo na mavazi ya ibada), akina mama wa WAWATA (umoja wa Wanawake Wakatoliki Tanzania) na viongozi wa halmashauri za walei kwa sababu hiyo hasa. Sisi tunaofanya kazi ya kuhifadhi vifaa vya ibada tunaletewa vitu vilivyoharibika, na vingi kati yake havikuharibiwa na uzembe. Viliharibiwa na watu wema waliojitolea fedha na jasho lao, ila hawakujua kwamba sabuni, msasa na saruji vinaweza kumaliza kwa asubuhi moja kitu kilichodumu miaka mia.

Jambo hili Kanisa limelitungia sheria. Kanuni ya 1189 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inasema kwamba sanamu au picha yenye thamani, iwe kwa umri wake, kwa usanii wake au kwa heshima inayopewa na waamini, isifanyiwe matengenezo bila ruhusa ya maandishi ya mwenye mamlaka, ambaye kwa kawaida ni askofu wa jimbo. Naye kabla ya kutoa ruhusa anatakiwa kuwauliza wataalamu. Angalieni sababu ya tatu hapo: heshima ya waamini. Sanamu inaweza kuwa ya kawaida kabisa kisanii, lakini kama bibi zetu walipiga magoti mbele yake wakiombea watoto wagonjwa, sheria inailinda. Kanuni ya 1190 inakwenda mbali zaidi: sanamu inayoheshimiwa sana na watu haiwezi kuuzwa au kuhamishwa kwa kudumu bila ruhusa ya Roma. Kamati ya jubilei haina mamlaka hayo, hata ikipiga kura.

Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Pili wa Nisea, mwaka 787, ulifundisha kwamba heshima inayotolewa kwa picha humwendea yule aliyechorwa. Ndiyo maana hatuabudu jasi wala mti. Lakini ndiyo maana pia hatuwezi kuichukulia sanamu kama meza ya ofisini inayopakwa rangi kila ikichubuka. Uso ule umewafundisha watu kusali.

Sanamu nyingi za zamani katika parokia zetu ni za jasi, yaani ile jipsamu ambayo siku hizi mafundi wanaiweka darini. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofika Bagamoyo mwaka 1868, Mapadre Weupe (shirika la Wamisionari wa Afrika) walipoelekea maziwa makuu miaka kumi baadaye, na Wabenediktini walipoanzisha Peramiho mwaka 1898 na Ndanda mwaka 1906, Ulaya ilikuwa na karakana zilizokuwa zikimimina sanamu kwa wingi, hasa Paris katika eneo la Saint-Sulpice na Munich kule Ujerumani. Ndizo zilizosafiri kwa meli na kumaliza safari vichwani mwa wapagazi.

Mkiigeuza sanamu ya namna hiyo mtaona tundu chini, kwa sababu ndani ni wazi. Jasi imechanganywa na nyuzi za katani ili isipasuke, na mara nyingi mikononi na shingoni kumepitishwa chuma chembamba. Juu ya jasi kuna tabaka la kuziba vinyweleo, kisha rangi iliyopakwa kwa brashi ndogo, wakati mwingine tabaka juu ya tabaka ili mashavu yapate uhai, na pindo la vazi limepakwa dhahabu halisi iliyopondwa ikawa nyembamba kuliko karatasi. Wakati mwingine macho ni ya kioo. Sasa fikirini kitambaa chenye maji na sabuni kikipita hapo. Jasi huyeyuka kidogo kidogo ikikutana na maji. Maji yakiingia kwenye nyufa hukifikia chuma, chuma kinapata kutu, kutu inavimba, na baada ya miaka michache kidole kinadondoka wakati hakuna aliyekigusa. Mama aliyeiosha hatajua kamwe kwamba ni yeye.

Basi usafi wa sanamu ya jasi ni brashi laini ya manyoya, kavu, kuanzia kichwani kushuka chini, mara mbili au tatu kwa mwaka. Basi. Masizi ya mishumaa na ubani yana mafuta, na mkiyasugua kwa kitambaa kibichi mnayasukuma ndani ya rangi. Yaacheni mpaka apatikane anayejua. Mnapoihamisha, watu wawili, mkono mmoja chini ya kitako na mwingine mgongoni. Msiishike kamwe kwa mkono wake au kichwani. Siku za maandamano ya Ekaristi na za Rozari ya Oktoba ndipo ajali nyingi hutokea, kwa kuwa vijana wenye nguvu wanakuwa na haraka.

Sanamu za mbao zina adui mwingine. Mchwa wanajulikana, lakini wadudu wanaotoboa mbao wanafanya kazi kimya kimya, na matundu yao madogo ya duara hayaonyeshi kama bado wamo au walishaondoka zamani. Kuna njia rahisi ya kujua. Futeni vumbi lote, tandikeni karatasi nyeusi chini ya sanamu, iacheni wiki mbili. Mkikuta unga mpya mwepesi juu ya karatasi, wadudu wangali hai: itengeni na vitu vingine vya mbao, ifungeni ndani ya nailoni nzito, kisha mtafuteni mtaalamu. Nawasihi msimwagie oili chafu wala mafuta ya taa. Mbao huinyonya oili hiyo isitoke tena, rangi inabanduka, na mnakuwa mmeweka kitu kilicholowa mafuta hatua mbili kutoka kwenye mishumaa.

Mpingo nao hupasuka ukikaushwa haraka, kwa hiyo msalaba wa mpingo usikae dirishani juani wala chini ya taa kali ya jukwaa. Na kiwi ya viatu ibaki viatuni. Nimeona vinyago vizuri vya Kimakonde, vya Familia Takatifu na vya Njia ya Msalaba, vikiwa vimejaa utando mweusi katika kila mkunjo, hadi huwezi kutofautisha mkono wa Yesu na wa Simoni wa Kirene.

Kalisi (kikombe cha divai ya Misa) na siborio (chombo cha hostia) mara nyingi si dhahabu tupu. Ni fedha au shaba iliyopakwa dhahabu, na sheria za liturujia zinadai hasa upande wa ndani uwe na dhahabu kama metali yenyewe hushika kutu. Dawa ya kung'arishia shaba ina chembechembe za kusugua, na kila Pasaka ikitumika inaondoa dhahabu kidogo, mpaka siku moja paroko anaona rangi nyingine ndani ya kikombe. Maji ya uvuguvugu na kitambaa laini vinatosha, na kikaushwe papo hapo. Mavazi ya zamani yaliyotariziwa nyuzi za dhahabu yasining'inizwe kwenye henga za waya, kwa sababu uzito wake wenyewe unayachana mabegani; yalazwe bapa, juu ya shuka jeupe la pamba lililofuliwa na kusuuzwa vizuri.

Kuhusu majengo, wazee wetu walijenga kwa mawe au matofali ya kuchoma na chokaa. Chokaa hupumua: unyevu unaopanda kutoka ardhini hutoka kupitia ukutani na kukauka. Mkipiga plasta ya saruji na kumalizia na rangi ya mafuta, unyevu unafungiwa, unapanda juu zaidi, na chumvi inayobaki inasukuma plasta kutoka ndani. Pwani, kuanzia Bagamoyo hadi Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu pale Zanzibar lililojengwa miaka ya 1890, chumvi haitoki ardhini tu, inakuja na upepo wa bahari pia. Ukuta unaobanduka kila baada ya miaka miwili hauhitaji rangi ghali zaidi. Unahitaji kurudishiwa chokaa yake, na mfereji wa maji ya mvua uzibuliwe.

Nisieleweke kwamba natetea kila cha zamani, au kila kilichotoka Ulaya. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, ulisema wazi kwamba Kanisa halijawahi kuwa na mtindo mmoja wa sanaa kuwa wake peke yake, na kwamba sanaa ya zama zetu na ya mataifa yote ipewe nafasi kanisani, mradi inatumikia ibada kwa heshima. Mwongozo wa Misale ya Kiroma unataja hata mpingo kati ya vitu vinavyoweza kutengenezea vyombo vitakatifu panapokubaliwa, ingawa kikombe cha Damu ya Kristo lazima ndani kisinyonye. Tuna wachongaji, wafinyanzi na wasusi wa kiwango cha juu kabisa, na fedha ya jubilei ingewafaa sana wao. Kinachoniuma ni kuona fedha hiyo ikiishia kwenye turubai lililochapishwa picha kutoka intaneti, linatundikwa nyuma ya altare na kufifia kabla ya Majilio. Kwa gharama ya mabango kama hayo matatu au manne, parokia ingeweza kuanza kuweka akiba ya msalaba mmoja uliochongwa na mtu anayesali nao.

Pia si lazima kila kikundi kitoe sanamu. Mwongozo uleule unaagiza kwamba kwa kawaida kanisa lisiwe na picha zaidi ya moja ya mtakatifu yuleyule. Paroko anayemwambia mfadhili, kwa upole, kwamba Mtakatifu Antoni tayari tunaye, lakini kigango (kanisa dogo chini ya parokia) hakina tabernakulo, yaani kisanduku cha kutunzia Ekaristi, ya kufaa, anamsaidia mfadhili huyo kutoa vizuri zaidi.

Katika jumuiya ndogo ndogo naulizwa sana kuhusu rozari iliyokatika au picha ya Moyo Mtakatifu iliyoliwa na panya. Watu wanaogopa kutupa, wanaficha juu ya kabati. Kitu kilichobarikiwa kinatakiwa kuheshimiwa, kwa hiyo desturi ya Kanisa ni kukichoma au kukizika mahali pasipokanyagwa. Huhitaji kumwita padre kwa hilo. Matawi ya Dominika ya Matawi ya mwaka uliopita yarudisheni parokiani, ndiyo yanayochomwa kupata majivu ya Jumatano ya Majivu.

Kazi moja inaweza kuanza hata Jumamosi hii, nayo ni orodha. Kanuni ya 1283 inamtaka msimamizi wa mali ya Kanisa awe na orodha sahihi ya vitu vya thamani, nakala moja ibaki parokiani na nyingine ipelekwe jimboni. Msakristia, katekista na kijana mwenye simu nzuri wanatosha. Pigeni picha kila kitu mbele, nyuma na chini, pamoja na rula ili vipimo vionekane. Andikeni kimetengenezwa kwa nini, kina maandishi au mihuri gani, kimevunjika wapi. Kisha waiteni wazee wa parokia na kuwauliza kilitoka wapi, nani alikileta, kilikaa upande gani wa kanisa la kwanza. Picha hizo msiziweke kwenye kundi la WhatsApp la parokia wala mtandaoni, kwa kuwa mwizi wa kalisi naye anatumia simu. Orodha ikishafika jimboni, ombi la kutengeneza sanamu litaandikwa kwa urahisi: picha ipo, hali yake imeelezwa, na askofu ana cha kumwonyesha mtaalamu kabla fundi hajanunua msasa.