Kinga ya Mwili Inapogeukia Nywele: Maswali na Majibu Kuhusu Alopesia ya Mabaka

Niliamka nikakuta sehemu ya kichwa haina nywele, laini kana kwamba imepitishwa wembe. Ni kitu gani hiki?

Mara nyingi anayeliona baka la namna hii kwanza si mwenye kichwa, bali msusi anayegawa nywele kwa chanuo, au kinyozi. Baka huwa la mviringo, ukubwa wa sarafu, na ngozi yake ni nyororo: haina magamba, haina usaha, haina kovu, na kwa kawaida haiumi. Ukitazama pembezoni mwake kwa karibu, pengine utaona vinywele vifupi vilivyokatika, vyembamba pale vinapotokea kwenye ngozi na vinene kidogo nchani, mfano wa alama ya mshangao. Vinywele hivyo humpa mtaalamu wa ngozi sababu kubwa ya kushuku alopesia areata, yaani alopesia ya mabaka.

Kwa kuwa nywele hudondoka kimya na baka huonekana ghafla, wengi wetu Afrika Mashariki wamewahi kuambiwa kwamba wamenyolewa usiku na wachawi. Hofu hiyo naielewa, kwa maana mahali hapo kweli hufanana na palipopita wembe. Lakini aliyeziondoa nywele hizo ni mwili wenyewe, na kazi hiyo ilianza ndani ya ngozi kabla baka halijaonekana.

Mwili unaziondoaje nywele zake wenyewe?

Kila unywele huota kutoka kwenye kifuko kidogo kilichozama ndani ya ngozi, ambacho sehemu yake ya chini imevimba kama kitunguu kidogo. Katika hali ya afya, sehemu hiyo hufichwa isionekane na askari wa kinga, wasije wakaidhania kuwa mgeni. Katika alopesia ya mabaka maficho hayo huvunjika. Chembe nyeupe za damu za aina ya T, ambazo kazi yake halisi ni kuua chembe zilizovamiwa na virusi, hulizingira shina la unywele. Wanaotazama kipande cha ngozi kwa hadubini huzifananisha na kundi la nyuki. Chembe hizo huitana kwa kemikali kama vile intaferoni gama, nazo kemikali hizo hupitisha amri zake ndani ya chembe kwa vimeng'enya viitwavyo JAK. Unywele ulioshambuliwa huacha kukua, kisha hudondoka.

Mwaka 2010 Angela Christiano, mtafiti wa jenetiki wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, ambaye yeye mwenyewe amepata alopesia hii, alichapisha pamoja na wenzake utafiti ulioonyesha kwamba baadhi ya jeni zinazohusika nayo ndizo zinazohusika pia na kisukari cha aina ya kwanza na baridi yabisi. Magonjwa yote hayo ni ya kinga kushambulia mwili inaoulinda.

Jambo ninalotaka kila msomaji alishike hapa ni kwamba kifuko cha unywele hakifi. Kimezingirwa tu. Ndiyo maana nywele zinaweza kurudi hata baada ya miaka, na mara nyingi hurudi zikiwa nyeupe kwanza kabla ya kupata rangi yake.

Je, maana yake kinga yangu imeshuka? Watu wanasema nina VVU.

Hapana. Katika alopesia ya mabaka kinga haikushuka, bali imekosea shabaha. Tofauti hii ni kubwa, kwa sababu kwetu neno "kinga" limesikika kwa miaka mingi likiambatana na UKIMWI, na mtu akionekana na kichwa chenye mabaka, majirani humaliza hukumu kabla ya kipimo chochote. Kupima VVU ni jambo jema kwa kila mtu mzima, lakini baka laini kichwani si ushahidi wa virusi hivyo. Vilevile hakuna sababu ya kununua unga na vidonge vinavyotangazwa kuwa "vinaongeza kinga", kwa kuwa tatizo hili halikuletwa na upungufu wa kinga.

Daktari anaweza kuagiza kipimo cha kaswende, ambayo huweza kunyonyoa nywele kichwa kikawa kama kitambaa kilicholiwa na nondo. Usikione kipimo hicho kuwa ni tuhuma. Ni ugonjwa unaotibika, na ni bora ujulikane mapema.

Mwanangu amerudishwa nyumbani kwa madai kwamba ana mapunye. Je, hali hii inaambukiza?

Haiambukizi kwa kofia, chanuo, mashine ya kunyolea wala mto. Mapunye husababishwa na fangasi, nayo huwa na magamba, muwasho na vishina vya nywele vilivyokatika, na hutibiwa kwa dawa ya fangasi ya kumeza. Mtoto mwenye alopesia ya mabaka hana sababu ya kukosa darasa hata siku moja. Shule nyingi huwataka wanafunzi wanyoe nywele ziwe fupi, kwa hiyo baka halina pa kujificha. Ni vizuri mzazi aombe barua ya kituo cha afya na aipeleke mwenyewe kwa mwalimu wa darasa, ili mtoto asibaki peke yake kujieleza.

Kuna magonjwa mengine yanayoandamana nayo?

Takriban watu 2 katika kila 100 huipata katika maisha yao, wengi kabla ya miaka 40, na baadhi wana ndugu wenye hali hiyo. Magonjwa ya tezi ya thairoidi iliyo mbele ya shingo, mabaka meupe ya vitiligo, pumu na ukurutu huonekana zaidi kwa watu hawa kuliko kwa wengine. Tazama pia kucha: kwa baadhi huwa na vishimo vidogo vingi, kama tondoo la fundi cherehani.

Tiba ipo?

Wengi wenye baka moja au mawili huota nywele tena ndani ya mwaka mmoja, hata bila dawa. Anayehitaji tiba huweza kudungwa sindano ndogondogo za steroidi, yaani dawa za kutuliza shambulio la kinga, ndani ya baka kila baada ya wiki 4 hadi 6, au kupewa krimu ya steroidi. Tafadhali usijinunulie mwenyewe krimu kali, zile zile ambazo wengine huzitumia kujichubua, kwa sababu hukondesha ngozi. Wala usisugue baka kwa kitunguu saumu au mafuta ya taa. Ngozi ikiungua ikaacha kovu, kifuko ambacho ugonjwa ulikiacha hai kinaweza kufa kweli.

Kwa waliopoteza nywele nyingi, Marekani iliidhinisha barisitinibu mwaka 2022 kwa watu wazima, na ritlesitinibu mwaka 2023 kuanzia umri wa miaka 12. Dawa hizi huzuia vimeng'enya vya JAK. Kwa kuwa hupunguza nguvu ya kinga, mgonjwa hupimwa kwanza kifua kikuu na homa ya ini, jambo lisilofaa kurukwa katika nchi zetu. Tena ni ghali, na akiacha kuzitumia nywele zaweza kudondoka upya.

Nitaishije nayo kila siku?

Kichwa kisicho na nywele kinahitaji kofia au kilemba juani. Aliyepoteza kope avae miwani, kwa maana vumbi humwingia machoni kwa urahisi. Huzuni inayotokana na hali hii ni ya kweli, na mtu asiambiwe kwamba "ni nywele tu". Mama aliyezoea kusukwa na dada zake kila mwisho wa juma amepoteza pia kikao hicho.

Niende wapi?

Anza na kituo cha afya kilicho karibu, na uombe rufaa ya kliniki ya ngozi. Mjini Moshi, Tanzania, katika Hospitali ya KCMC, kuna kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992, na miongoni mwa waliosomeshwa hapo ni matabibu kutoka nchi mbalimbali za Afrika. Piga picha ya baka kila mwezi kwenye mwanga wa mchana, na uende nazo. Kama baka linauma, lina usaha au limeacha kovu linalong'aa, usisubiri mwezi uishe.