Hisa za teknolojia katika masoko yanayoibukia: dhana potofu na ukweli

Dhana: Uchumi wa nchi ukikua kwa kasi, hisa zake nazo zitapanda.

Hii ndiyo dhana kongwe kuliko zote, na ndiyo inayopendwa zaidi na wauza mifuko ya uwekezaji. Uchumi wa China umekua mara nyingi tangu mwanzo wa miaka ya 1990. Fahirisi ya MSCI China, yaani kipimo cha bei za hisa za kampuni za China, ilianza na pointi 100 mwishoni mwa 1992, na mwanzoni mwa 2024 ilikuwa bado chini ya 100. Mtafiti Jay Ritter alilinganisha nchi 16 kuanzia 1900 hadi 2002, akakuta kwamba nchi ambazo kipato cha mtu kilikua haraka zaidi hazikuwalipa wenye hisa vizuri zaidi. Mwelekeo ulikuwa kinyume.

Sababu haina uchawi. Ukuaji unahitaji mtaji, na mtaji mara nyingi hupatikana kwa kutoa hisa mpya. Keki inakuwa kubwa, lakini walaji wanaongezeka haraka kuliko keki. Ushindani nao humpelekea mteja sehemu nzuri ya faida kwa njia ya bei nafuu. Kwa hiyo kabla ya kusikiliza simulizi za vijana wengi wenye simu, angalia faida kwa kila hisa na idadi ya hisa kwa miaka mitano hivi iliyopita. Kampuni nyingi hukwama hapo.

Dhana: Mapato yakipanda, bei itafuata.

Mapato ya Sea Limited ya Singapore, wenye duka la mtandaoni la Shopee, yalizidi maradufu mwaka 2021 na kufika karibu dola bilioni 10. Hasara ilikuwa takriban bilioni 2. Oktoba mwaka huo hisa moja ilivuka dola 350. Kufikia mwisho wa 2022 ilikuwa imeshuka hadi dola 50 na ushei. Mwaka 2023 kampuni ikapata faida yake ya kwanza ya mwaka mzima, yaani biashara ilipona huku aliyenunua kileleni akiwa bado na hasara kubwa. Jumia nayo, kampuni ya kuuza bidhaa mtandaoni Afrika, iliingia soko la hisa la New York Aprili 2019 kwa dola 14.50, ikapita 40 baada ya siku chache, na Machi 2020 ilikuwa chini ya 3. Kuiita kampuni "Amazon ya Afrika" hakujawahi kuipunguzia gharama za usafirishaji.

Dhana: Hisa ya Alibaba, kampuni ya biashara ya mtandaoni, iliyonunuliwa New York ni umiliki wa moja kwa moja wa biashara iliyoko China.

Unachoshika ni hati ya hisa za kampuni iliyosajiliwa Visiwa vya Cayman. Baadhi ya leseni za intaneti, ambazo sheria ya China huwabana wageni kuzimiliki, zinashikwa na kampuni nyingine za Wachina, na kinachoziunganisha ni mikataba. Ndiyo maana msimamo wa serikali ni jambo la kupimwa sawa na mizania. Didi, kampuni ya China ya kuita teksi kwa simu, iliorodheshwa New York mwishoni mwa Juni 2021. Siku chache baadaye ikaanza kuchunguzwa kwao, na mwaka uliofuata ikaondoka katika soko hilo.

Dhana: "Soko linaloibukia" lina maana moja.

MSCI, kampuni inayotengeneza fahirisi, inaihesabu Korea Kusini humo. Mwenzake FTSE Russell inaiweka kati ya masoko yaliyoendelea. Mfuko unaofuata fahirisi ya kwanza utakupa Samsung ya Korea, unaofuata ya pili hautakupa, ingawa majina yake yanafanana.

Dhana: Hisa ikiuzwa kwa dola, sarafu ya nchi haikuhusu.

Desemba 2023 Argentina iliishusha peso kutoka takriban 366 hadi 800 kwa dola, kwa mkupuo mmoja. MercadoLibre, kampuni ya biashara ya mtandaoni iliyozaliwa huko 1999 na kuorodheshwa katika soko la hisa la Nasdaq la Marekani, ilikuwa na kinga kiasi kwa sababu sehemu kubwa ya mauzo yake hutoka Brazil na Mexico. Jedwali la mapato kwa nchi limo ndani ya ripoti ya mwaka, na ndilo linaloonyesha ni sarafu zipi hasa unazonunua.