Je, wajua kwa nini jeshi la watu 8,000 lilishindwa na watu 1,000 pale Tanga mwaka 1914?

Mtu wa Tanga ukimuuliza habari za Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, hakawii kukutajia nyuki. Na kisa ni cha kweli. Tarehe 4 Novemba 1914, askari wa Uingereza walipokuwa wakisonga kutoka Raskazone kuelekea mjini, risasi zilipiga mizinga ya nyuki iliyotundikwa mitini, nyuki wakatoka kwa hasira na kuwatimua watu mbio. Waingereza wenyewe walikuja kuyaita mapigano hayo Vita vya Nyuki, na wako walioamini kabisa kwamba Wajerumani waliitega ile mizinga kwa nyaya.

Ila mimi naona nyuki wamebebeshwa sifa isiyo yao. Jeshi lile lilianza kushindwa siku mbili kabla nyuki wa kwanza hajaruka, na waliolishindisha ni wakubwa wake wenyewe.

Uingereza iliingia vitani dhidi ya Ujerumani tarehe 4 Agosti 1914. Hapa kwetu, wakati huo Afrika Mashariki ya Kijerumani, Gavana Heinrich Schnee hakutaka vita vifike kabisa. Mkuu wake wa jeshi, Luteni Kanali Paul von Lettow-Vorbeck, aliyekuwa ametia mguu nchini Januari mwaka huo huo, alikuwa na hesabu nyingine: kila askari wa Uingereza atakayeshughulishwa Afrika ni askari mmoja pungufu kwenye mapambano ya Ulaya. Wawili hao walivutana tangu mwanzo. Agosti hiyo Schnee alipatana na wanamaji wa Kiingereza kwamba miji ya Dar es Salaam na Tanga isipigwe, nayo isitumike kivita.

Mapatano hayo ndiyo yaliyozaa balaa. Jeshi la Uingereza kutoka India, likiongozwa na Meja Jenerali Arthur Aitken, lilipokaribia Tanga, meli zake za askari zilibaki mbali baharini, zisionekane kutoka pwani. Asubuhi ya tarehe 2 Novemba manowari Fox ikatangulia peke yake. Nahodha wake, Francis Caulfeild, alimwita mkuu wa wilaya, Auracher, akamwambia kwamba mapatano yamekufa na kwamba mji usalimu amri ndani ya saa moja. Halafu akamuuliza kama bandari imetegwa mabomu ya majini.

Hebu fikiria. Unakwenda kumvamia mtu kwa ghafla, unaanza kwa kumbishia hodi, kisha unamuuliza yeye mwenyewe kama njia ni salama. Auracher alirudi nchi kavu, habari zikapelekwa kwa simu hadi Moshi alikokuwa Lettow-Vorbeck, na Auracher mwenyewe akavaa sare akajiunga na askari. Bandari haikuwa na bomu hata moja. Hata hivyo Waingereza walitumia saa nyingi kufagia maji, wakaogopa kuingia bandarini, na usiku ndipo wakaanza kushusha watu Raskazone, upande wa mashariki wa mji.

Saa hizo zilitosha, kwa sababu ya reli. Reli ya Usambara ilikuwa imeshafika Moshi, takriban kilomita 350 kutoka Tanga, na karibu jeshi lote la Wajerumani katika kaskazini lilikuwa huko, likiulinda mpaka wa Kenya ya leo. Amri ilipotoka, kombania baada ya kombania zilipandishwa kwenye mabehewa na kuteremshwa pwani. Garimoshi lilikuwa na kasi ya chini na mabehewa hayakutosha, lakini adui alikuwa na pole zaidi. Tarehe 3 vikosi viwili vya kwanza kutoka India vilipojaribu kuuingia mji, vilikuta askari wachache wamejipanga kwenye handaki la reli lililokatwa ubavuni mwa mji. Vikarudishwa nyuma, tena kwa hasara kubwa, maofisa wao wengi wakauawa.

Usiku wa kuamkia tarehe 4 Lettow-Vorbeck mwenyewe aliwasili. Alichukua baiskeli, akapita mitaa iliyokuwa kimya, akaenda hadi ufukweni Raskazone kujionea kwa macho yake. Aliziona meli zimewaka taa, akasikia kelele za watu na mizigo ikishushwa. Alijuta kwamba mizinga yake miwili ya kivita, ya zamani, ilikuwa bado haijafika. Aitken naye, ambaye tangu mwanzo aliwadharau askari weusi, hakutuma watu kuichunguza vizuri ardhi iliyokuwa mbele yake. Huko Mombasa alishauriwa awachukue askari Waafrika wa Uingereza, King's African Rifles, walioizoea nchi, akakataa. Mmoja alitazama, mwingine hakutazama. Kwangu mimi hapo ndipo mapigano yalipoamuliwa.

Na askari wa Aitken walikuwa na hali gani? Wengi walikaa melini tangu katikati ya Oktoba, wamebanana, wamechafukwa na bahari. Baadhi ya vikosi havikuwa na mafunzo ya kutosha, na vilikuwa havijawahi kupigana pamoja. Mchana wa tarehe 4, kwenye jua kali, waliambiwa watembee katikati ya mashamba ya mpira na mkonge na vichaka ambamo mtu hamwoni mwenzake wa hatua chache. Mizinga yao ya kivita haikushushwa, ilipigia kutoka melini bila kuona inapiga nini. Hata hivyo Waingereza wa kikosi cha Loyal North Lancashire, pamoja na Wagurkha, yaani askari wa asili ya Nepal, na askari wa Kashmir, walifika mjini kabisa. Walipigana nyumba kwa nyumba, wakateka forodha na hoteli ya Kaiser. Kama ubavu wao wa kushoto ungekuwa imara, huenda leo tungesimulia hadithi nyingine.

Ubavu huo ndio Lettow-Vorbeck aliokuwa akiusubiri. Upande ule Wahindi walikuwa wamekwisha kutawanyika kwa risasi za bombom, yaani bunduki za rashasha, na hapo ndipo nyuki walipowaingilia. Jioni ikikaribia aliwatupa askari wake wa akiba, kombania ya 13 ikiongoza, wakapiga ubavuni na mstari mzima ukaporomoka. Kumbuka pia kwamba nyuki hawakuwa na bendera: upande wa Wajerumani nao waliumwa hadi bombom zikanyamaza kwa muda.

Usiku ule, kwa kutoelewana kwa ishara za tarumbeta, askari wa Lettow-Vorbeck walirudi kambini nje ya mji, na Tanga ikabaki karibu tupu. Aitken hakujua. Tarehe 5 aliwapakia watu wake melini na kuondoka, akiacha nyuma mamia ya bunduki, bombom kadhaa na risasi zaidi ya laki tano. Hiyo ilikuwa neema kwa adui, kwani askari wengi wa Wajerumani walikuwa bado wanatumia bunduki za mtindo wa 1871 zilizotoa moshi mwingi na kumwonyesha mpigaji alipo.

Upande wa Uingereza walikufa zaidi ya 300 na kujeruhiwa mamia. Upande wa Wajerumani walikufa karibu 70, wengi wao Waafrika. Mzungu mmoja aliyekufa siku ile jina lake bado liko midomoni: Tom von Prince, aliyepigana na Mkwawa huko Uhehe na kuitwa Bwana Sakarani. Mahali palipobeba jina hilo, Sakharani, karibu na Soni, bado papo. Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema na Wasudani waliokuwa kwenye lile handaki la reli majina yao hayatajwi, na mimi hilo linaniuma, kwa sababu wao ndio walioushika mji. Tena Lettow-Vorbeck waliyemtumikia hakuwa mtu wa kusifiwa ovyo: miaka kumi kabla alishiriki vita vya Wajerumani dhidi ya Waherero kule Namibia, vilivyoishia kwenye mauaji ya halaiki.

Serikali ya Uingereza iliificha habari ya Tanga kwa miezi. Aitken alishushwa cheo akastaafishwa, na usimamizi wa vita vya Afrika Mashariki ukahamishiwa Wizara ya Vita ya London. Waingereza waliingia Tanga Julai 1916, wakati wa kampeni ya Jan Smuts, Wajerumani wakiwa wameshaondoka. Lettow-Vorbeck aliendelea kupigana na kukimbia hadi Msumbiji na Zambia ya leo, akasalimu amri Abercorn, sasa Mbala, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya.